Simu za wafanyakazi kwenye waifai ya ofisi: namna ya kuzikaribisha barazani bila kuzifungulia chumba cha ndani

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni nikimsubiri meneja amalize mkutano. Ilikuwa ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, watu kumi na nane hivi, na waliniita kwa sababu intaneti yao "inakufa mchana". Nyuma ya dada wa mapokezi palikuwa na karatasi ya A4 iliyobandikwa kwa selotepu: jina la waifai, na chini yake nenosiri, yaani jina la kampuni likifuatiwa na 2019. Meneja alipotoka na kuniruhusu nichunguze, niliunganisha simu yangu kwa karatasi ile ile, nikafungua programu ya Fing. Vilitokea vifaa 43. Printa ya uhasibu ilikuwemo, mashine ya kurekodi kamera ilikuwemo, na kompyuta ya mhasibu nayo ilikuwemo ikiwa na folda moja iliyoachwa wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao. Folda iliitwa MISHAHARA. Tuliifungua pamoja, mimi na meneja, kwenye kioo cha simu, bila kuulizwa nenosiri lolote zaidi.

Kati ya vile vifaa 43, kompyuta za ofisi zilikuwa 14. Zilizobaki ni simu, tableti na laptopu za watu binafsi, na hakuna aliyejua zote ni za nani.

Hapakuwa na mdukuzi pale. Kosa lilikuwa kumweka kila mtu chumba kimoja. Nyumba zetu za pwani zina baraza kwa sababu: mgeni anakaa, anapewa kahawa, anaongea na mwenyeji hadi magharibi, na hajakanyaga ndani. Hajadharauliwa hata kidogo. Simu ya mfanyakazi nayo ni mgeni. Mwenyewe ni mtu wa ndani, lakini simu yake jioni inachezewa na watoto, inachajiwa kwa jirani, inaunganishwa hotelini na stendi. Mwongozo huu ni wa kuijengea baraza. Nimeuandika kwa ajili ya mwenye ofisi ndogo, au kwa yule karani aliyetwishwa kazi ya kompyuta kwa sababu tu ndiye kijana kuliko wote.

Kama bado unajiuliza kuna hatari gani, kumbuka WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilienea nchi nyingi kwa siku moja, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha maelfu ya miadi. Hakikuhitaji mtu abonyeze kiungo. Kikishaingia kwenye kompyuta moja ya Windows, kilizitafuta nyingine kwenye mtandao huo huo kupitia mlango (port, namba ya huduma kwenye kompyuta) 445, ule ule unaotumika kushirikishana mafaili kama hiyo folda ya MISHAHARA. Microsoft walikuwa wameshatoa sasisho la kuziba mwanya huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Laptopu moja ya mtu ambayo haijasasishwa, ikiwa chumba kimoja na kompyuta ya mhasibu ambayo nayo haijasasishwa, inatosha.

Hatua ya 1: Hesabu vilivyomo

Fungua ukurasa wa ruta. Kwenye Windows, andika ipconfig kwenye Command Prompt, usome namba iliyo mbele ya maneno "Default Gateway". Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyounganishwa, uangalie maelezo yake. Mara nyingi namba huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1; ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu huwa 192.168.8.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Chukua daftari. Kila kifaa kipate mstari wake: ni cha nani, ni kitu gani, kina kazi gani ya ofisi. Utakwama kwenye simu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujipa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni kwa kila mtandao inaojiunga nao, kwa hiyo huenda usiitambue hata simu yako mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usijenge ulinzi wako juu ya orodha ya MAC zinazoruhusiwa. Simu halali zinaweza kukataliwa, ilhali mwenye nia mbaya anaweza kuiga anwani ya kifaa kilichoruhusiwa.

Usipoteze siku nzima ukifukuzana na majina. Usivyovijua vitie alama ya kuuliza. Utakapobadilisha nenosiri, wenye navyo watakuja wenyewe kulalamika, na kile ambacho hakuna aliyekidai ndicho cha kukitafuta kwa makini.

Hatua ya 2: Funga ruta yenyewe

Mambo manne, nusu saa.

Badilisha nenosiri la kuingilia ukurasa wa ruta. Hili ni tofauti na la waifai, na ofisi nyingi bado linasomeka admin. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha.

Zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwenye waifai kwa kitufe au namba. Ile namba yake ya tarakimu nane inaonekana ndefu, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Kwa hiyo anayebahatisha hahitaji kujaribu mara milioni mia moja. Mara 11,000 zinatosha. Udhaifu huu umejulikana tangu 2011, na bado nakuta WPS imewashwa.

Zima usimamizi wa ruta kutoka nje, yaani kutoka upande wa intaneti. Kisha sasisha programu ya ndani ya ruta. Kama mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya ruta hiyo, iweke kwenye bajeti ya kubadilishwa.

Hatua ya 3: Jenga baraza

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Unahitaji mitandao minne iliyotengana. Wa kwanza ni wa kazi: kompyuta za ofisi, seva, printa ya uhasibu. Wa pili ni wa simu na laptopu za wafanyakazi. Wa tatu ni wa wageni wanaokaa mapokezi. Wa nne ni wa kamera, mashine za kusajili mahudhurio kwa alama za vidole, televisheni na vinginevyo ambavyo havisasishwi na mtu.

Kama una ruta moja ya kawaida, itafute sehemu iliyoandikwa "Guest Network". Iwashe, iipe jina lake na nenosiri lake, kisha hakikisha visanduku viwili havina alama ya tiki: kile kinachoruhusu wageni kuonana, na kile kinachowaruhusu kuufikia mtandao wa ndani. Hapo simu za wafanyakazi na za wageni zitakaa pamoja upande huo. Si kamili, lakini umeshaziondoa kwenye folda za mhasibu.

Kuna mtego mmoja umewanasa wengi. Ofisi inakuwa na ruta ya kampuni ya intaneti, kisha wananunua ya pili ya kuongeza nguvu ghorofani na kuiweka ifanye kazi kama antena tu, ikipokea anwani kutoka ile ya kwanza. Kwenye mpangilio huo, mtandao wa wageni wa ile ya pili mara nyingi haujatengwa na chochote. Jina ni jingine, nenosiri ni jingine, lakini anwani zinatoka kapu moja. Ukiangalia simu iliyo kwa wageni ukakuta namba inaanza sawa na ya kompyuta ya mhasibu, tuseme 192.168.1 kwa zote mbili, basi hujatenga kitu.

Ofisi yenye watu zaidi ya kumi na tano ifanye kwa VLAN, yaani kuvigawa vifaa vile vile katika mitandao kadhaa iliyotengana. Hapa unahitaji ruta inayoelewa VLAN, swichi inayosimamiwa, na antena zinazoweza kurusha majina kadhaa ya waifai. Vifaa vya MikroTik, TP-Link Omada na Ubiquiti UniFi vyote vinafanya hivyo. Mimi hupanga hivi:

VLAN 10, kazi: 192.168.10.0/24
VLAN 20, wafanyakazi: 192.168.20.0/24
VLAN 30, wageni: 192.168.30.0/24
VLAN 40, kamera na mashine: 192.168.40.0/24

Kuzigawa peke yake hakutoshi. Ukiipa MikroTik anwani kwenye kila VLAN, itapitisha data kati ya VLAN moja na nyingine kama kazi yake inavyoitaka, mpaka uikataze. Nimeona mafundi wakichora VLAN nzuri kabisa, wakalipwa wakaondoka, na simu ya mapokezi bado inaiona seva. Andika kanuni za ngome (firewall) kwa mpangilio huu, kwa sababu ruta huzisoma kutoka juu kwenda chini. Kwanza, ruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwishaanza. Pili, ruhusu VLAN 10 na 20 na 30 kwenda intaneti. Tatu, weka ruhusa zako chache maalumu. Mwisho, kataa yote yaliyobaki kati ya VLAN.

Usiisahau ruta yenyewe. Kutoka VLAN 20 na 30, iruhusu itoe anwani (mlango 67) na ijibu maswali ya majina ya tovuti (mlango 53), basi. Ukurasa wa usimamizi, milango 80 na 443, na 22, na 8291 ya Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), ufunguke kutoka VLAN 10 tu, na ikiwezekana kutoka kompyuta ya fundi peke yake. Kamera zinyime intaneti kabisa. Bosi akitaka kuziangalia akiwa nyumbani, mjengee VPN, njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa nje.

Kisha litakuja swali la printa, na litakuja siku hiyo hiyo. "Sasa mimi nitaprinti vipi kutoka kwenye simu?" Swali ni la haki, na usipolijibu watu watarudi kwenye mtandao wa kazi kwa mlango wa nyuma. Jibu langu ni kuchagua printa moja ya kawaida, kuipa anwani isiyobadilika, na kuandika ruhusa moja kutoka VLAN 20 kwenda anwani hiyo tu kwa mlango 631 au 9100. Printa inayotoa hati za mishahara ibaki ndani.

Ukimaliza, usiamini ukurasa wa ruta. Chukua simu, iunganishe kwa wafanyakazi, fungua Fing. Kisha andika anwani ya seva kwenye kivinjari, andika anwani ya kamera, andika anwani ya ruta. Vyote vitatu vinatakiwa vishindwe. Rudia ukiwa kwa wageni. Rudia tena kila baada ya umeme kukatika vibaya au fundi kugusa kitu, kwa sababu ruta iliyorudishwa mipangilio ya kiwandani husahau yote uliyoiambia.

Hatua ya 4: Nenosiri na nani anakabidhiwa

Kwenye mipangilio ya usalama wa waifai, chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. WEP ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. TKIP nayo iache.

Nenosiri la WPA2 linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Urefu una maana kuliko alama za ajabu, kwa sababu anayetaka kulivunja hahitaji kukaa nje ya ofisi yako wiki nzima. Ananasa zile salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa, anaondoka nazo, na kubahatisha akiwa kwake kwa kasi ya kompyuta. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yenye vistari kati yake, yanakumbukika na yanamchosha. Jina la kampuni na mwaka havimchoshi.

Nenosiri la mtandao wa kazi lisiingie kwenye simu ya mtu hata mara moja. Simu ya Android 10 na kuendelea humwonyesha mwenyewe msimbo wa QR wa waifai aliyojiunga, na kwa simu nyingi nenosiri lenyewe linasomeka chini yake. Leo umempa dereva, kesho binamu yake anapiga picha. Fundi au msimamizi ndiye aliandike nenosiri hilo kwenye kompyuta za kampuni, kwa mkono wake. Kompyuta zilizo mezani siku zote zivutie kebo. Kebo haina nenosiri la kuvuja.

Ofisi ikikua, acha nenosiri la pamoja uende kwenye 802.1X, ambapo kila mtu ana jina lake na nenosiri lake, na akiondoka unamfuta yeye peke yake. FreeRADIUS, programu ya seva inayohakiki majina hayo, ni ya bure. Ila ukifika huko, simama imara kwenye jambo moja: kila simu ikague cheti cha seva kabla ya kutuma nenosiri. Simu inayoambiwa isikague itamkabidhi nenosiri mtu yeyote atakayerusha waifai yenye jina kama lako.

Ruta ya magendo

Nilitafuta siku mbili kwa nini intaneti ya ile ofisi ya forodha inakufa mchana. Ghala la nyuma lilikuwa halishiki waifai, na mtunza stoo, kijana mchapakazi, alikuja na ruta yake ndogo kutoka nyumbani akaichomeka kwenye kebo ya ukutani ili aweze kupokea picha za mizigo kwenye WhatsApp. Aliichomeka kwenye tundu lisilo lake. Ikaanza kugawa anwani zake kwa ofisi nzima, na kila kompyuta iliyozipokea ikapotea njia. Aliiwasha saa nne akifika stoo na kuizima jioni. Haikuwa na nenosiri lolote.

Sikumlaumu. Alihitaji waifai kwa kazi na hakupewa. Dawa ya kwanza ni kuwafikishia watu mtandao mahali wanapofanyia kazi. Dawa ya pili ni kuzima matundu ya swichi yasiyotumika na kuwasha kinga ya DHCP, inayoziba mdomo wa kifaa chochote kinachogawa anwani bila kuwa ruta yako. Ya tatu ni kutembea ofisini mara moja kwa mwezi ukiangalia orodha ya waifai kwenye simu. Jina geni lenye nguvu kuliko yote ukiwa stoo, liko stoo.

Hatua ya 5: Simu yenyewe

Baraza linailinda ofisi dhidi ya simu. Lakini simu yenye barua pepe ya kazi imebeba kipande cha ofisi mfukoni, kwa hiyo nayo ina masharti yake. Kaa na kila mtu dakika kumi, ana kwa ana. Tangazo la kwenye kundi la WhatsApp halifanyi kazi hii.

Funguo ya kioo iwe na tarakimu sita au zaidi. Angalia tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Kama ina zaidi ya mwaka na hakuna jipya linalokuja, simu hiyo ibaki na intaneti lakini isiwekewe barua pepe ya kazi. Angalia programu zilizotoka nje ya duka rasmi. Kwetu huku ya kwanza utakayoikuta ni GB WhatsApp, ambayo haikutengenezwa na WhatsApp wenyewe na hupitia mikononi mwa watu msiowajua. Mweleze mwenzako kwa upole kwamba simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa pesa zake. Hapo husikiliza.

Futa waifai za zamani, hasa zisizo na nenosiri, kwa sababu simu ikisikia jina inalolijua hujiunga bila kuuliza. Washa huduma ya kutafuta simu iliyopotea, na uijaribu hapo hapo kwa kuipigisha kelele kutoka kompyuta nyingine.

Kwa barua pepe na mafaili ya kazi, tumia wasifu wa kazini wa Android, au usajili wa mtumiaji kwa iPhone. Vya kazi vinakaa upande wao na vinaweza kufutwa bila kugusa picha za harusi.

Hatua ya 6: Karatasi moja ya makubaliano

Watu wanaogopa kwamba ofisi itawasoma, na woga huo ndio unaowafanya wafiche vifaa. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, waambie ukweli. Huu ndio ninaoutumia:

"Ofisi inakupa intaneti kwa kifaa chako kwenye mtandao wa wafanyakazi. Ruta huweka kumbukumbu ya jina la kifaa, muda, na kiasi cha data. Ofisi haisomi jumbe zako wala haioni picha zako. Ukiweka barua pepe ya kazi kwenye simu, ofisi inaweza kufuta barua pepe hiyo na mafaili ya kazi, si vingine. Simu ikipotea, tupigie ndani ya saa moja. Hutakatwa mshahara kwa kupoteza simu yako mwenyewe."

Hakikisha ni kweli kabla hujalitia sahihi. Baadhi ya njia za kuunganisha barua pepe humpa msimamizi uwezo wa kufuta simu nzima, na kama ruta yako inaweka kumbukumbu ya tovuti, sema hivyo pia. Si adabu tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani.

Hatua ya 7: Siku ya kuondoka, siku ya kuibiwa

Mtu akiacha kazi, siku yake ya mwisho kabla hajaaga: ondoa wasifu wa kazini, funga akaunti, badilisha nenosiri la wafanyakazi. La wageni libadilishe kila mwezi, na badala ya karatasi iliyobandikwa ukutani, dada wa mapokezi awe na kadi ya QR mezani kwake.

Simu ikiibiwa, mpangilio ni huu. Badilisha nenosiri la barua pepe ya kazi na utoe vifaa vyote vilivyoingia. Ifute simu kwa mbali. Mpigie mtoa huduma afunge laini, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayopokea misimbo ya uthibitisho na ndiyo yenye pesa. Badilisha nenosiri la waifai ya wafanyakazi. Ripoti ya polisi ifuate, siyo itangulie.

Dada mmoja wa ofisi niliyoihudumia aliporwa simu kituoni, akakaa siku tatu bila kusema kwa kuogopa atakatwa. Siku tatu barua pepe ya wateja ilikuwa wazi mikononi mwa mtu. Ndiyo maana mstari wa mwisho wa yale makubaliano upo. Na namba ya fundi iandikwe kwa kalamu nyuma ya kitambulisho cha kazi cha kila mtu, kwa sababu aliyeibiwa simu ameibiwa na namba zote.